Mafundi, taa ya nyutro nayo mnataka kupasua injini?

Wakuu, nimechoka. Taa ya nyutro ya pikipiki yangu, ile ya kuonyesha hakuna gia iliyoingia, imegoma kuwaka, ila gia zinaingia laini kabisa. Nampelekea fundi, hata bisibisi hajashika, eti gia boksi imekufa, injini ishushwe ipasuliwe. Kwa taa!

Nikaenda kwa mwingine. Huyo kachomoa waya wa swichi, kaukaza kwenye bolti ya injini, taa ikawaka. "Tayari bosi." Tayari nini? Sasa inawaka namba moja mpaka gia ya mwisho! Na pikipiki yangu ikiwa kwenye gia, sterta haizunguki mpaka ubane klachi. Kwa ujanja wake ule inadhani iko nyutro muda wote. Nimebonyeza sterta ikiwa na gia, ikaruka mbele. Angekuwepo mtu pale mbele je?

Kinachoniuma ni kwamba alichofanya ndicho kipimo chenyewe, ila akakigeuza matengenezo. Umeme unapita kwenye taa, unashuka na waya mmoja hadi swichi ya nyutro, ambayo kwenye pikipiki nyingi iko kushoto, karibu na sproketi ndogo ya mbele, ile gurudumu yenye meno inayovuta cheni. Gia zikikaa nyutro, swichi inaunganisha waya huo na bodi ya injini, taa inawaka. Basi, hakuna uchawi. Washa funguo, chomoa waya, gusisha kwenye chuma cha injini kisicho na rangi. Ikiwaka, taa na waya ni vizima, shida iko kwenye swichi. Isipowaka, angalia balbu, fyuzi, na waya wenyewe, hasa unapokunjwakunjwa na usukani. Na kama taa haizimiki kwenye gia yoyote, chomoa waya vilevile: ikizimika swichi imeganda, ikiendelea kuwaka waya umechubuka na unagusa fremu.

Nimefungua mwenyewe kifuniko cha sproketi. Matope na grisi ya cheni tupu! Nikasafisha, nikaweka mita ya umeme, upande wa omu, kati ya swichi na bodi. Nyutro inatakiwa isome karibu na sifuri, yaani umeme unapita; haikusoma kitu, yaani haupiti. Nikafunga swichi mpya na oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, maana ya zamani ukiirudisha oili inavuja. Kabla ya kuchomoa, mwaga oili au ilaze pikipiki upande wa pili, na uwe makini: baadhi zina kipini na springi ndogo nyuma ya swichi, vikidondoka utavitafuta mpaka usiku. Injini haikuguswa.

Halafu wale ambao taa inawaka ukibana klachi hata ukiwa kwenye gia, msiuziwe swichi. Hapo mara nyingi ni dayodi imekufa, kile kifaa kidogo cha kupitisha umeme upande mmoja tu, kati ya waya wa klachi na wa nyutro.

Fundi yeyote anayepita hapa anijibu: kuchomoa waya mmoja na kupima kabla ya kutaja gia boksi kunawashinda nini?