Ukoo wa Mkolani: guta la Baba Mdogo

ALHAMISI

Shangazi Kabula: Mwangaluka wote. Nauliza hapa mbele ya ukoo maana huko pembeni sijibiwi. Kaka, ni kweli umenunua guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu?

Baba Mdogo: Mwangaluka dada. Ni kweli. Limefika jana jioni, liko uani.

Shangazi Kabula: Miaka 60 imefika, serikali imekwambia kapumzike, wewe unakwenda kujifunza udereva wa mizigo?

Baba Mdogo: Dada, nimestaafu kazi, sijastaafu kula. Bustani ninayo, maji ninayo, wateja wako Buhongwa na Nyegezi. Pesa yote inaishia kwenye kukodi usafiri, kila tenga la nyanya na lake. Na pikipiki ndiyo basi tena. Nikisimama kwenye foleni na mzigo nyuma, goti la kushoto ndilo linabeba kila kitu, na hilo goti mnalijua.

Mama Mdogo: Goti nalijua mimi ninayelikanda usiku.

Shangazi Kabula: Wifi, na wewe umekubali?

Mama Mdogo: Tumenunua wote wifi. Nusu ni hela yangu ya kuku.

Doto: Shikamooni. Baba mdogo, siwezi kukukataza, ila kabla ya leseni nenda ukapime macho. Usiangalie kusoma tu, waambie wakupime kama mtoto wa jicho ameanza, maana ndiye anayefanya taa za magari ya mbele zikupofushe usiku. Na zile dawa za presha, muulize daktari kama zinaweza kukuletea kizunguzungu. Kwingine kote nakuombea heri.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Macho nitapima wiki ijayo. Usiku sitaendesha kabisa, hilo nimeshaamua.

Bibi (anaandika Neema): Bibi anauliza, hicho chombo kina breki?

Baba Mdogo: Kinazo mama. Mbele na nyuma.

Bibi (anaandika Neema): Anasema wabeja, asante. Anasema endelea.

Kulwa: Shikamooni wazee wangu, nilikuwa Mwaloni napakia dagaa. Baba mdogo hongera sana, picha nimeiona, chombo kizuri. Naomba kitu kimoja tu kabla hujakitoa hapo uani. Usikipande kama pikipiki.

Baba Mdogo: Marahaba Kulwa. Mwanangu, mimi nilikuwa bwana shamba Magu, matope ya mbugani nimeyapita kwa pikipiki masika yote. Hili lina tairi la ziada. Litanishinda nini?

Kulwa: Hapo ndipo ninapopaogopa, kwa heshima zote. Kijiweni kwetu Kirumba anayetusumbua kumfundisha si yule asiyejua chochote, ni dereva wa bodaboda. Mpe guta mtu aliyezoea pikipiki, kona ya kwanza tu analaza mwili. Guta halilali. Linanyoosha mpaka mtaroni.

Shangazi Kabula: Yesu wangu.

Kulwa: Ngoja nieleze vizuri shangazi, maana kuna sababu yake.

Pikipiki ikishashika mwendo huipindishi kwa kugeuza hendeli. Unailaza. Mkono wa kushoto unasukuma mbele kidogo, chombo kinalalia kushoto, kona inakatika. Wengi hata hatujijui kama tunafanya hivyo, mkono umeshazoea wenyewe. Sasa lifanyie guta vilevile: unasukuma mkono wa kushoto ukitegemea kwenda kushoto, tairi la mbele linageukia kulia, na chombo kizima kinakwenda kulia. Mtu anashtuka, anasukuma zaidi. Guta unaligeuza kwa hendeli, unakotaka kwenda ndiko unakoelekeza tairi. Mwili ndio unausogeza, uegemee ndani ya kona, chombo chenyewe kibaki palepale.

La pili ni mguu. Kwenye pikipiki ukitaka kusimama unashusha mguu, ni lazima. Kwenye guta usishushe mguu wakati chombo kinatembea, hata kama kinatambaa. Bodi ni pana kuliko wewe na tairi la nyuma linakuja nyuma ya kisigino chako. Nimemwona kijana pale Igogo amevunjika kifundo hivyohivyo, na alikuwa anajua kuendesha.

Baba Mdogo: Hilo la mguu sikuwa nimelifikiria.

Mama Mdogo: Kulwa mwanangu, na kupinduka? Mimi ndilo linaloninyima usingizi. Naambiwa tatu haziwezi kuanguka.

Kulwa: Zinaanguka mama mdogo. Kaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, uzito uuegemeze kwenye ule mguu mmoja ulio peke yake, halafu jisogeze pembeni kidogo uone. Guta ni hivyo. Nyuma ni pana, mbele pamebana kwenye tairi moja. Uzito ukiwa nyuma, chini, katikati ya matairi mawili, limetulia. Uzito ukikimbilia mbele ndipo linapoinua tairi la ndani ya kona. Na nini kinaukimbiza uzito mbele? Breki. Kwa hiyo punguza mwendo kona ikiwa bado mbele yako, ingia umeshapoa. Ukifunga breki katikati ya kona, hasa guta likiwa tupu, umeliita lenyewe.

Mama Mdogo: Kumbe tupu ni baya kuliko lenye mzigo?

Kulwa: Kwenye kona ndiyo, kama mzigo umekaa chini. Tukienda kujifunza tutaweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli. Ila mzigo usizidi huko nyuma kabisa ya bodi, maana ukipanda mlima tairi la mbele linakuwa jepesi, unageuza hendeli na halisikii. Na milima yetu hii mnaijua.

Baba Mdogo: Kulwa, niulize barabara ya kutoka shambani. Imeinamia upande wa korongo, na katikati ina tuta la mchanga kwa sababu ya malori.

Kulwa: Swali zuri sana baba mdogo. Pikipiki inabaki wima hata barabara ikiinama. Guta linainama pamoja na barabara, kwa hiyo pale panapoinama utajisikia unaanguka, na mwili unataka kujivuta. Kaa upande wa juu, tembea polepole, matenga yafungwe kamba yasiteleze. Na lile tuta, matairi ya nyuma yatafuata njia za malori, la mbele litapanda tuta. Shimo ambalo ulikuwa unalikwepa kwa pikipiki, kwa guta ukiliacha katikati yako tairi la mbele linaingia. Unapanga mapito matatu, siyo moja. Inachosha kichwa mwanzoni, baadaye macho yanazoea.

Shangazi Kabula: Mimi nasikiliza tu, lakini bado sijakubali.

JUMAMOSI

Kulwa: Habari za jioni ukoo. Tulikuwa kiwanja cha shule tangu asubuhi, mwalimu mkuu alituruhusu. Tulipanga ndoo tukafanya kona za umbo la nane, kusimama, kurudi nyuma. Naomba niseme ukweli wangu.

Baba Mdogo: Sema mwanangu, usinifiche.

Kulwa: Gia, klachi, kusikiliza injini, baba mdogo yuko juu sana, hilo halina ubishi. Kona za taratibu safi. Akiongeza mwendo bega la kushoto linatangulia kulala, na mguu wa kushoto ulitaka kushuka kila alipokaribia kusimama. Tulipofika saa nne akaanza kuacha hayo mazoea. Mtu aliyenishangaza ni mama mdogo.

Doto: Mama mdogo aliendesha???

Mama Mdogo: Nilikuwa nimewapelekea uji. Nikasema na mimi nijaribu, nimechangia hela.

Kulwa: Hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Kwa hiyo hana cha kusahau. Nikamwambia geuza unakokwenda, akageuza. Nikamwambia miguu ibaki juu, ikabaki juu. Klachi ilimsumbua, chombo kilizima sana, lakini kona zake zilikuwa tulivu kuliko za wengi tuliowafundisha kijiweni. Natamani wote wawili wajifunze, na nasema hili kwa moyo wangu wote. Umri wao siuoni kama tatizo. Wanauliza, wanasubiri, hawana haraka ya kumpita mtu. Vijana ndio wanaotutoa roho.

Baba Mdogo: Nilisimama pembeni nikamwangalia mke wangu akizunguka ndoo zile. Nilifurahi sana ndugu zangu.

Bibi (anaandika Neema): Bibi anacheka hapa, amesema mama Neema apigiwe vigelegele. Anauliza pia nani atakuwa anapeleka nyanya.

Mama Mdogo: Tutapokezana mama.

Shangazi Kabula: Wifi, pole na hongera. Nimepiga simu kwa Kulwa nimemhoji mwenyewe kwa kirefu, ndiyo maana nilikuwa kimya. Nimekubali, kwa masharti. Kofia ngumu kila siku, hata kwenda dukani. Leseni kwanza, barabara kuu baadaye. Na yale maneno ya kwenda Sengerema kwa guta kupitia daraja la Kigongo–Busisi nisiyasikie. Huko tutapanda basi.

Baba Mdogo: Nimekubali yote dada. La daraja nilikuwa nasema tu kwa kulitamani.

Kulwa: Leseni yake ni daraja A2, ile ya pikipiki pekee haitoshi, baba mdogo usije ukamwonyesha trafiki ile ya zamani. Jumatatu nendeni wote wawili VETA, kile chuo cha ufundi, mkaulize lini wanaanza kundi jipya, cheti cha mafunzo kinahitajika kabla ya leseni. Na bima ya chombo muikague jina na namba ya usajili pale pale mnapokabidhiwa.

Doto: Na macho, baba mdogo.

Baba Mdogo: Na macho. Jumanne.

Kulwa: Jumamosi ijayo tunarudi kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi kabla watoto hawajaanza mpira. Mama mdogo, viatu vya kufunga, kandambili hapana. Mifuko ya mchanga naleta mimi.

Shangazi Kabula: Na mimi nakuja.