Naomba ushauri: sayari za TRAPPIST-1 zinagongana kwenye programu yangu

Habari za jioni wakuu. Natengeneza programu ya kufuatilia mizunguko ya sayari 7 za TRAPPIST-1, nyota ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Sayari ya ndani kabisa, b, humaliza mzunguko kwa siku 1.5 tu. Na mpangilio wao unapendeza mno: b ikizunguka mara 8, c huzunguka mara 5.

Nyota inakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 7.6 na sayari zake bado zipo, lakini kwangu c na d zinagongana kabla ya miaka 10,000! Hatua yangu ya muda, yaani kipindi kati ya hesabu moja ya nafasi za sayari na inayofuata, ni saa 6. Niipunguze, au kosa liko kwenye nafasi za kuanzia? Nimekesha siku tatu. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.