Ushauri wakuu: zawadi za Krismasi za Kijerumani, mtoto kahamia Moshi na binamu zake hawazijui

MamaBinti_Moshi:
Wakuu habari za muda huu. Mimi Mchaga, mume wangu Mjerumani wa Nürnberg, mwaka huu nimerudi Moshi na binti yetu wa miaka 6, baba yake kazi zimembana huko hadi Januari kwahiyo mambo yote ya Desemba yako kwangu. Kule zawadi haziji kwa mkupuo. Kuanzia tarehe 1 anafungua kalenda ya Majilio, vidirisha 24, kila siku kimoja. Usiku wa tarehe 5 anasugua buti lake mpaka ling'ae analiweka mlangoni, asubuhi ya tarehe 6 anakuta Nikolaus (Mtakatifu Nikolao) kaweka chenza, njugu na chokoleti. Halafu tarehe 24 jioni sebule inafungwa, hata kuchungulia haruhusiwi, anakaa nje anasubiri kengele ilie ndo aingie akute mti umewaka na zawadi chini, anaambiwa Christkind, yaani Mtoto Yesu mleta zawadi, kapita. Sasa huku tarehe 24 ndo watu wanashuka kwenye mabasi kutoka Dar, nyumba inajaa, na bibi yake wa Ujerumani ameshatuma boksi kubwa. Afungue yeye tu wenzake wanamtazama? Sitaki apoteze cha kwa baba yake, ila sitaki pia aonekane mgeni kwao.

Babu_Kibosho:
Mwanangu mimi nakupinga kidogo. Mtoto kaja nyumbani, mwache avae nguo mpya tarehe 25 aende kanisani ale mbuzi na wenzie, inatosha. Mkimpa ya kwake peke yake mtapanda wivu kwa watoto.

Shemeji_Hamburg:
Dada usiache, hasa mwaka huu ambao baba hayupo. Mbona Wajerumani wenyewe hawafanani, huku kaskazini zawadi analeta Weihnachtsmann (Baba Krismasi), Christkind ni wa kusini zaidi. Kalenda tengeneza mwenyewe, kusanya viberiti vitupu 24, bandika namba, funga kwenye kamba ukutani. Ndani weka ubuyu, kashata, vingine karatasi tu umeandika "leo tunakaanga vitumbua". Chokoleti ya dukani kwa joto la Desemba itakusumbua.

MamaBinti_Moshi:
Babu shikamoo, hilo la wivu ndo linaninyima usingizi kwa kweli. Shemeji viberiti nimevipenda sana, asante. Tarehe 6 haina shida wageni wanakuwa hawajafika. Shida ni ile 24.

MamaMchungaji:
Mama, zawadi zenyewe zilishahama siku. Zamani Ulaya watoto walipewa siku ya Mtakatifu Nikolao, ni wakati wa Luther karne ya 16 Waprotestanti wakazisogeza Krismasi kwasababu hawakutaka heshima ile iende kwa watakatifu. Na sisi Kilimanjaro Krismasi ya Kilutheri tulifundishwa na Wajerumani haohao, misheni ya Leipzig iliingia 1893, kwahiyo si kitu cha kigeni kiviile. Fanya hivi, mkitoka ibada ya mkesha watoto WOTE wakae nje ya sebule, binti ndo apige kengele. Kila mtoto akute kifurushi kimoja chenye jina lake, vilingane, hata kama ni daftari na rangi. Boksi la bibi mfungue siku nyingine na baba yake kwenye video, taratibu, nyie watatu.

Babu_Kibosho:
Marahaba. Hapo kwa mama mchungaji nakubali, watoto wote, na kifurushi kilingane. Na waambie mapema ndugu wa Dar wasije na midoli yao mikubwa wakaharibu.

MamaBinti_Moshi:
Asanteni mno, nimepata pa kuanzia. Kengele apige yeye hiyo sikuwaza kabisa, atafurahi kupita maelezo. Mti je? Kule unapambwa hiyohiyo 24.

Shemeji_Hamburg:
Omba tawi la msaiprasi kwa majirani, litie kwenye ndoo ya mchanga wenye maji, upambe mchana watoto wakiwa wametoka. Huku kwa wengi unakaa hadi tarehe 6 Januari, kwahiyo baba akiwahi ataukuta.