Mrejesho: usafishaji wa paneli za sola juu ya paa la ghala

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kusafisha paneli za sola za ghala letu, ambazo umeme wake ulikuwa ukipungua ingawa jua lilikuwa kali. Tulianza alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa brashi laini yenye mpini mrefu na maji yaliyoondolewa madini, kwa sababu maji ya kisima yalikuwa yakiacha madoa meupe kila yalipokauka. Mafundi walijifunga mikanda ya usalama na kukwepa vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga paani, ambavyo havibebi uzito wa mtu; ushauri huo, kwa maoni yangu, ulistahili kutajwa wa kwanza.

Vumbi lilitoka lote na umeme unaoonyeshwa na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumiwa na vifaa vya kawaida, ukapanda. Kinyesi cha ndege, baada ya kufunikwa kwa kitambaa chenye maji hadi kikalainika, kilibanduka bila kukwaruza kioo. Hata hivyo, kuvu iliyojishika kwenye ukingo wa chini wa fremu, pale maji ya mvua yanapotuama, haikutoka yote, na safu moja ya paneli bado inazalisha umeme kidogo kuliko nyingine. Kwa kuwa mlitukataza sabuni kali na mashine ya maji ya presha, safu hiyo tumemwachia fundi umeme aipime.