Pilau ya harusi imetulaza, sasa afisa wa afya ataka choo??

Jamani juzi harusini Likoni tumekula pilau saa saba mchana, kufika saa sita usiku nyumba nzima twagombania choo. Leo afisa wa afya kaja auliza nani kala nini, mpaka wasiougua awaandika, kisha ataka kikopo cha choo. Ya nini?

— Pole yakhe. Wasiougua ndio ufunguo, kama wagonjwa wote walikula nyama na wazima hawakuigusa, mwizi kashikwa. Na masaa yasema pia, kutapika ndani ya masaa 1 mpaka 6 mara nyingi ni stafilokokasi (bakteria wanaotia sumu kwenye chakula), kuharisha baada ya 8 mpaka 12 nashuku bakteria waliozaana kwenye sufuria iliyopoa polepole. Ilipikwa lini?

— Usiku wa kuamkia harusi, ikafunikwa tu 😅

— Haya basi! Toa choo kipimwe ni bakteria gani, kabla hujameza antibayotiki ikawaua, na ukoko uliobaki usitupe, nao upimwe.