Mnaouza pateni za kompyuta, inchi ni inchi na sentimita ni sentimita! Nguo ya mteja imeharibika

Wakuu salaam, leo nimekuja na hasira na sifichi. Nimekata kitambaa cha mteja kwa pateni ya kununua, yani ule mchoro wa vipande vya nguo unaouprinti na kukatia, gauni limekuwa dogo halivaliki, na kosa si la mkasi wala mashine, ni la mtu aliyechora pateni kwenye programu akachanganya inchi na sentimita halafu akaiuza hivyo hivyo.

Iko hivi. Pateni yenyewe inakuja na mafaili mawili, moja la vipimo vya mwili na jingine la mchoro, ukibadilisha vipimo mchoro unajipanga upya kufuata mwili wa mteja wako, na kwa kweli hicho ndicho kinachofanya watu tuzinunue. Sasa huyu jamaa vipimo kaviweka kwa inchi, mchoro kauanzisha kwa sentimita. Kifua inchi 36 programu inageuza yenyewe inakuwa 91.44, hapo hamna tatizo. Tatizo liko kwenye fomula. Kaandika kifua/4 + 1. Hiyo 1 ni moja ya nini?? Yeye alimaanisha inchi moja ya nafasi ya kupumulia, lakini programu imekuta namba tupu ikaichukua kwa kipimo cha mchoro, yani sentimita moja. Robo ya kifua iliyotakiwa kutoka 25.4 ikatoka 23.86. Kwenye skrini hiyo sentimita moja na nusu nani ataiona? Ila zidisha mara nne mwili uzunguke, sentimita 6.16 zimeondoka!

Na bado. Nafasi ya kushonea kaandika 0.5, alimaanisha nusu inchi, imetoka nusu sentimita badala ya 1.27, kwa hiyo hata kufumua nikaachia pembeni haiwezekani maana kitambaa cha kuachia hakipo. Dati, ile mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate umbo la mwili, nazo zote zimekuwa nyembamba. Mteja kavaa, zipu imegoma katikati ya mgongo, na mimi nimesimama pale sina la kumwambia.

Kabla hamjaniuliza, ndiyo niliprinti asilimia 100, na kile kisanduku cha kupimia kinachochorwa kwenye pateni ili uhakikishe printa imetoa ukubwa sahihi, nilikipima kikatoka sentimita 10 kamili. Nasema hivi kwa sababu kila mtu akilalamika hapa jibu la kwanza ni hilo la kisanduku. Kisanduku kinakwambia printa haijapunguza mchoro, basi, fomula iliyokosewa ndani ya mchoro inaprintiwa vizuri kabisa na kosa lake.

Afadhali hata angekosea vyote kwa pamoja. Pateni ikitoka ndogo mara 2.54 unaona papo hapo ni nguo ya mtoto, hukati. Hizi namba ndogo ndogo za kuongeza na kupunguza ndizo zinazoua, maana vipimo vikubwa viko sawa, umbo liko sawa, unaamini, unakata.

Nimemwandikia muuzaji kanijibu nikampime mteja upya. Mteja nimempima mara mbili ndugu yangu! Fungua fomula zako uone.

Halafu kuna wengine wa inchi na visehemu, nao wananichosha. Mtu anapima 10 na 3/8 anaandika 10.3. Tatu ya nane ni 0.375, andika 10.375 au acha kabisa kutumia inchi kwenye kompyuta. Na faili la DXF, lile la kuhamisha mchoro kutoka programu moja kwenda nyingine, likitumwa bila kusema namba zake ni za kipimo gani, programu nyingine inakisia tu, milimita zinasomwa kama inchi. Inchi ni sentimita 2.54 kamili tangu 1959, hesabu yenyewe haina ugumu wowote, ugumu ni watu kuona uvivu wa kuandika neno moja mbele ya namba.

Ninachotaka ni kidogo sana. Unayeuza, chagua kipimo kimoja kwa mafaili yote mawili, na hizo namba za kuongeza usizitupe tupu kwenye fomula, zipe jina, andika nafasi_ya_kifua halafu weka thamani yake sehemu moja ili mnunuzi aione. Na andika kabisa kifua cha nguo ikishakamilika ni kiasi gani, ili mtu apime karatasi kwa tepu, atoe nafasi ya kushonea, alinganishe kabla ya kugusa mkasi.

Mimi nimenunua kitambaa kingine kwa hela yangu, nakata upya usiku huu, na fomula nimezirekebisha moja moja, zilikuwa 23. Kama una pateni ya gauni la zipu ya mgongoni yenye faili la vipimo la inchi, usikate kwanza, fungua fomula uangalie hizo +1 na 0.5 zimekaaje.