Naomba ushauri: karakana yangu Tanga niiegemeze kwenye bomba la mafuta peke yake?

Wakuu, habari za leo. Nina karakana ndogo ya kuchomelea vyuma hapa Tanga. Tunatengeneza mageti, matrela, vipuri vya korona (mashine za kuchakata mkonge), chochote kinacholeta hela. Sasa nimepata mtu wa kuingia naye ubia, ila anataka tuache vyote, tukope, tununue mashine za kuhudumia wakandarasi wa bomba la mafuta tu, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Hoja yake ina uzito: fundi wa kazi moja huijua kwelikweli, na bei anapanga yeye.

Kinachonikwaza ni historia ya mji wenyewe. Mkonge uliletwa 1893, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000, ikiongoza duniani. Kamba za plastiki zikaangusha bei, utaifishaji wa 1967 nao ukachangia, mashamba mengi yakageuka pori. Serikali ilijaribu kuchanganya shughuli za mji: viwanda vya mbolea, chuma, saruji. Saruji ya Pongwe ipo hadi leo, mawe ya chokaa yako palepale. Mbolea iliyotegemea malighafi za kuja na meli ilifungwa. Kumbe hata kuchanganya kwenyewe si kinga!

Bomba likishafukiwa, kazi za kuchomelea zitabaki ngapi? Mliofanya na wakandarasi wa miradi mikubwa, malipo huchukua muda gani? Kuna aliyehudumia mradi bila kupoteza wateja wa mtaani? Dhamana ya mkopo ni hati ya nyumba, na mwenzangu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.